Sahani Zisizofika Kiti cha Tisa

Jumatatu, 10 Novemba

Maafa! Nimeona tangazo mlangoni pa mgahawa wa Nagisaya. Herufi nyekundu, na pweza amechorwa pembeni anapunga mikono yote minane, utafikiri ni habari njema. Jumapili tarehe 16, saa kumi jioni, mkanda wa sushi, ule unaopitisha sahani za wali na samaki mbele ya wateja, unazimwa. Basi. Hauzunguki tena. Baada ya hapo kila mteja ataagiza kwa skrini na sahani itamjia peke yake kwa reli ya mwendo kasi. Watu waliokuwa wakilisoma pamoja nami walifurahi. Mmoja alisema afadhali, samaki wa kuzunguka huchoka. Nilimkata jicho. Hakuona.

Ngoja niandike ukweli, kwa kuwa daftari halina mdomo. Mimi, Muneharu Kishitani, mchonga funguo na mbadili visigino wa stesheni ya Fuse, umri miaka hamsini na minane, kwa miaka mitatu namchumbia Bi Tatsue Inukai kwa njia ya mkanda. Ni mwenye duka la vifungo na nyuzi kule mtaa wa maduka. Mjane. Jumatano duka lake limefungwa, na Jumatano saa tano asubuhi anakula Nagisaya. Mimi pia. Mashine ya mlangoni hugawa viti vya kaunta kwa kufuata foleni: wa kwanza hukaa karibu na jikoni, wengine wanafuata. Mimi hujipanga niwe wa saba. Yeye hutokea wa tisa. Kinachotoka jikoni kinanipita mimi kwanza. Kibaya nakitoa na kukila mwenyewe: tango, soseji, mayai yaliyokauka. Kizuri nakiacha kiende kwake. Nimekula matango ya kutosha shamba zima. Hatujawahi hata kusalimiana, lakini mambo yanakwenda.

Yangekwenda zaidi, kama si kiti cha nane. Kiti cha nane ni Gonda.

Eikichi Gonda! Dereva wa basi mstaafu, mjane, mwili wa jokofu, mkono mrefu. Kila Jumatano anasimama nyuma yangu kwenye foleni apate kupiga soga. Kila tumbo la jodari ninaloliachia, analidaka. Kila kamba mtamu, anamdaka. Kwa miaka mitatu, Bi Inukai amefikiwa na sahani nne. Nne! Niliziona kwa macho yangu.

Nimemwambia dada Kimie, ambaye naishi naye, kwamba mkanda unazimwa. Hakuacha kumenya figili. Aliuliza kwa nini nisiende dukani kwa huyo mama, ninunue kifungo, nimwambie habari za asubuhi. Wanawake hawajui mipango. Nimebakiwa na siku sita, na usingizi sina.

Jumanne, 11 Novemba

Mpango wa kwanza. Waraka wa wananchi! "Sisi wakazi wa Fuse tunaomba mkanda wetu usizimwe." Niliuandika kwa brashi, nikauweka kibandani kwangu pamoja na kalamu na biskuti. Aliyetia sahihi anakula biskuti.

Hadi saa tisa biskuti zilikuwa zimekwisha na sahihi zilikuwa tatu. Moja yangu. Moja ya mzee aliyedhani anasaini risiti ya kiatu chake. Ya tatu ni ya dada Kimie, na ameongeza chini yake maneno haya: Ndugu yangu asaidiwe.

Sikukata tamaa. Nilimpelekea meneja wa Nagisaya, Bwana Mizobuchi, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye tai ya shingoni yenye picha za samaki. Aliupokea kwa mikono miwili. Aliinama. Alisema maoni ya wateja ni hazina. Aliinama tena, akaniombea radhi kwa usumbufu ambao hakuutaja, akanipa kuponi ya supu. Nilitoka nikiwa nimefarijika sana. Nilikuwa nimeshafika kwenye taa za barabarani nilipokumbuka kwamba hajajibu kitu. Nilirudi. Kwenye dirisha la jikoni nikauona waraka wangu umewekwa chini ya ndoo ya tangawizi ya siki, uzuie unyevu.

Dada Kimie ameuliza biskuti zake zimekwenda wapi.

Jumatano, 12 Novemba

Siwezi kuandika. Nitaandika.

Mpango wa pili ulikuwa safi kabisa. Gonda atangulie! Akikaa saba na mimi nane, hakuna mtu katikati yangu na Bi Inukai. Rahisi. Tulipofika kwenye foleni nilimwambia tangulia wewe, Bwana Gonda. Akasema haiwezekani, wewe umefika kwanza. Nikasema una umri mkubwa kwangu. Akasema usinizeeshe. Nikainama. Akainama zaidi. Nikarudi nyuma hatua moja, naye akarudi mbili. Tuliendelea hivyo mpaka tukawa karibu na maegesho ya baiskeli. Wakati huo akina mama watatu wenye mikoba ya sokoni wakapita katikati yetu, wakabonyeza mashine, wakaenda zao. Mwisho Gonda alinishika mabega, akanisukuma mbele kwa upendo. Namba kumi mimi, kumi na moja yeye. Halafu Bi Inukai akafika, koti la kijivu, skafu ya rangi ya njano, akabonyeza: kumi na mbili. Yale yale, ila mbali zaidi na jikoni.

Nilivumilia. Nikala tango. Nikala tango. Likaja tumbo la jodari, la mwisho kwa siku hiyo, ubao ulisema hivyo, jekundu lenye michirizi ya mafuta. Nikaona Gonda amegeuka kujaza chai kwenye bomba la maji moto. Nafasi! Lakini namjua. Hata akiwa amegeuka, ule mkono una macho yake. Basi nikafanya jambo ambalo hata mtoto wa chekechea wa hapa Fuse anajua halifanywi. Nikaitoa ile sahani, nikaificha chini ya kofia, nikainuka kama mtu aendaye msalani, nikapita nyuma ya Gonda, na nikairudisha kwenye mkanda. Mbele kabisa ya Bi Inukai.

Sahani iliyotolewa hairudi. Nilijua! Moyo tu ulinizidi nguvu.

Kuna kamera juu ya mkanda, kumbe. Kengele ikalia. Taa nyekundu ikawaka. Mkanda ukasimama, na watu wakainua shingo kumtafuta mhalifu. Aliyekuwa amesimama na kofia mkononi ni mimi peke yangu. Mama mmoja kule mezani alisema kwa sauti, "Si ndio hao wanaolamba sahani za mkandani huku wakijipiga video?" Mwenzake akamjibu, "Kwa umri ule? Aibu gani hii!"

Meneja Mizobuchi alikuja mbio. Aliinama. Aliniuliza kwa adabu kama nimeigusa sushi. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini niliirudisha. Nikamtazama Bi Inukai. Bi Inukai alikuwa ananitazama mimi. Macho yake ni ya kahawia, sikuwahi kuyaona kwa karibu hivyo. Nikasema sijisikii vizuri. Wafanyakazi wawili wakaja na dawa ya kupuliza, wakaosha kipande chote cha mkanda, na tumbo la jodari likatupwa. Meneja akaniomba, kwa maneno laini ambayo sikuyaelewa mpaka nilipofika nje, nipumzike kuja kwa muda. Kwa muda gani? Mpaka mkanda uzimwe.

Nimefukuzwa Nagisaya. Nimezikwa mzima.

Alhamisi, 13 Novemba

Sikutaka kufungua kibanda. Dada Kimie alinitoa kwa ufagio.

Saa nne akaja Gonda, kifua mbele, na mfuko wa matunda ya kaki kutoka kwenye mti wa nyumbani kwake. Nilidhani amekuja kunicheka. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akavua kofia, akaanza kulia! Mtu mzima, mbele ya stesheni, watu wakipita.

Alisema amekuwa akiona tangu zamani. Tangu mke wake alipofariki, kila Jumatano mimi namwachia sahani nzuri. Mimi najilisha matango, yeye anakula jodari. Hakutaka kusema, alijua mimi ni mtu wa haya. Lakini jana! Jana alipokuwa amegeuka kujaza chai akalikosa tumbo la jodari, na mimi nikainuka mbele ya watu wote, nikavunja sheria, ili nimrudishie. Nililiweka mbali kidogo tu, bahati mbaya. Akasema katika miaka thelathini na miwili ya kuendesha basi hajapata kutendewa wema wa namna hiyo.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilitaka kusema Gonda, wewe ni mwizi wa samaki. Nikamwona anafuta pua kwa kitambaa cha marehemu mkewe, chenye maua. Nikasema kaki zake zimeiva vizuri.

Halafu akatoa bomu. Amemsimulia Bi Inukai! Jana hiyo hiyo, nilipokwisha kutoka. Amemwambia kila kitu, jinsi Bwana Kishitani anavyomjali Gonda. Eti Bi Inukai aliacha chakula chake nusu.

Kwa hiyo matokeo ya miaka mitatu ni haya: mwanamke ninayempenda anaamini ninampenda Gonda.

Nimekula kaki saba kwa hasira. Tumbo linauma.

Ijumaa, 14 Novemba

Mpango wa tatu: barua. Nilianza alfajiri. Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Ya pili ilifanana na tangazo la kampuni ya maji. Ya tatu nilimweleza hali ya hewa ya mwezi wa Novemba, nikatosheka nayo kabisa, kisha nikagundua sijamtaja yeye wala mimi. Nilikuwa kwenye ya nne, wino mkononi, pale mtu alipogonga kaunta ya kibanda.

Bi Inukai. Mwenyewe. Skafu ya njano.

Alitaka kuchongewa ufunguo wa kabati. Aliuweka mbele yangu na kusema habari za saa hizi, Bwana Kishitani. Analijua jina langu! (Limeandikwa juu ya kibanda, lakini bado.) Nilikalia rasimu zote nne. Nikasema dakika kumi. Sauti ilitoka nyembamba.

Hakuondoka. Aliketi pale pale alipokaa Gonda jana. Akasema baridi imeanza. Nikasema shaba hiyo ni ngumu. Akasema juzi Nagisaya kulikuwa na kelele. Nikasema meno ya ufunguo huu ni manne. Akasema Bwana Gonda amemweleza jambo la kushangaza kidogo, na yeye angependa kulisikia kutoka kwangu. Nikawasha mashine. Mashine ile ikiwaka husikii hata treni. Aliendelea kusema kitu, mdomo ulicheza, sijui alisema nini. Nilipozima alikuwa amekwisha kusema.

Mwisho akauliza wazi: "Jumapili utakuja kuuaga mkanda?"

Ningejibu nini? Kwamba nimepigwa marufuku kama mlevi? Alikuwapo, aliisikia kengele, lakini hakusikia meneja alivyoninong'oneza. Na tena tayari nilikuwa na wazo: nitakwenda nimejibadilisha sura. Jambo la siri halisemwi. Nikasema Jumapili nina kazi.

Akasema, "Aa. Kazi." Akachukua ufunguo wake, akashukuru, akaondoka. Hakusubiri hata kuujaribu. Vizuri, kwa sababu niliuchonga upande mmoja tu.

Nilimsimulia dada Kimie nikitegemea pongezi kwa kuitunza siri. Aliweka vijiti vyake mezani. "Mune," alisema, "una miaka hamsini na minane, si minane. Mwanamke amekuletea miguu yake hadi mlangoni, wewe unamwashia mashine!" Halafu akala kipande changu cha samaki, kwa adhabu.

Jumamosi, 15 Novemba

Siwezi kutulia. Nimechonga funguo tatu za mtu aliyeomba moja.

Mchana Gonda tena. Amekwenda kwa meneja Mizobuchi kuniombea! Aliinama mpaka paji la uso likagusa mashine ya tiketi, ikatoa tiketi. Meneja akakubali. Marufuku imeondolewa. Kesho niko huru kuingia na uso wangu mwenyewe, kichwa juu.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi niliona tatizo mara moja. Nimekwisha kumwambia Bi Inukai kwamba nina kazi. Nikitokea na uso wangu, nitakuwa mwongo. Siwezi kuanza maisha ya ndoa kwa uongo. Kwa hiyo kujibadilisha sura kuko pale pale.

Vifaa: barakoa kubwa ya mafua. Kofia ya sufu ya dada Kimie, ya zambarau. Miwani yake ya kusomea. Koti la mvua. Nilijitazama kwenye kioo, sikuona mtu. Sikuona kitu chochote, ile miwani ni kali. Dada Kimie aliponikuta ukumbini alipiga ukelele, akaniuliza nimekufa lini.

Gonda nimemwambia kesho naumwa. Alisikitika sana. Alisema ataniletea uji.

Jumapili, 16 Novemba

Niandike yote, kabla sijaanza kuyapamba.

Nagisaya ilijaa hadi barabarani. Wazee, watoto, watu wa magazeti ya mtaa. Nilimtambua Bi Inukai kwa skafu, maana kwa miwani ile kila kitu kilikuwa ukungu wenye rangi. Nikaingia nyuma yake moja kwa moja. Yeye kiti cha nne, mimi cha tano. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakuna Gonda katikati! Na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliye upande wa juu wa mkanda, karibu na jikoni, mimi upande wa chini.

Halafu nikagundua kasoro. Nimevaa barakoa katika nyumba ya kula.

Nilijaribu kuinua pembe ya barakoa na kupenyeza sushi kwa chini. Pweza alifika puani. Nilikohoa. Bi Inukai akafungua mkoba, akatoa peremende ya tangawizi, akanipa kama mama yeyote wa hapa kwetu angefanya kwa mtu asiyemjua. Akasema niinyonye polepole, mafua ya msimu huu ni mabaya. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikashukuru kwa sauti ya chini kabisa niliyonayo.

Akaanza kuongea. Na mimi, mtu mgeni! Alisema amekuja kuaga mkanda. Alisema kulikuwa na bwana mmoja anayekaa upande wa juu wa mkanda kila Jumatano, anakula matango sahani nane, tisa, na kuziacha nzuri zipite. "Nani anapenda matango kiasi hicho?" aliuliza. "Basi mimi nikajidanganya. Nikasema moyoni, Tatsue, huyu anakuachia wewe. Zinachukuliwa njiani, lakini nia ipo. Miaka mitatu najipaka poda kwa ajili ya kuja kula sushi ya bei rahisi!"

Peremende ilinikwama.

Akaendelea. Bwana Gonda amemwambia sahani zilikuwa zake yeye, Gonda. Lakini ile ya Jumatano iliwekwa mbele yake, Tatsue, si mbele ya Gonda. Ndiyo maana Ijumaa alikwenda kuuliza. "Nikabeba ufunguo wa kabati. Kabati lenyewe nilishalitupa mwaka juzi. Akaniambia Jumapili ana kazi."

Hapo mwenye akili angevua barakoa. Mkono wangu ulifika sikioni, ukashika uzi. Naapa uliushika. Halafu nikasikia sauti yangu nene ikisema: "Labda kweli ana kazi."

"Kazi gani? Kibanda kinafungwa Jumapili!"

"Wanaume wa namna hiyo ni wajinga," nilisema.

"Wajinga kabisa," alisema Bi Inukai.

Saa kumi kasoro robo, mlango ukafunguka, Gonda akaingia na sufuria ya uji imefungwa kwa kitambaa. Alikuwa ametoka nyumbani kwetu. Dada Kimie amemwambia niliko, na nimevaa nini! Akapita kati ya watu, akasimama nyuma yangu. "Bwana Kishitani! Homa hiyo, na umekuja? Ungekufa!" Akanivua kofia ya zambarau apate kunipima paji la uso.

Nikavua miwani. Nikavua barakoa. Nikamwona Bi Inukai vizuri. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. Nilidhani atanipiga na sahani. Badala yake alianza kucheka, akajizuia, akacheka tena, na macho yalikuwa yana maji. Nilimpenda mno wakati ule, niseme wazi.

Meneja Mizobuchi akapanda kwenye kreti la bia. Alishukuru wateja wa miaka ishirini na sita, akatangaza mzunguko wa mwisho. Jikoni wakaweka sahani moja tu, tumbo la jodari, ikaanza safari. Kiti cha kwanza wakaiacha. Cha pili wakaiacha. Kila mtu alitaka kuona itaishia wapi. Gonda amesimama kulia kwangu na uji wake. Bi Inukai yuko kushoto.

Akanigeukia. "Haya, Bwana Kishitani. Mkanda unazimwa sasa hivi. Zile sahani za miaka mitatu zilikuwa za nani?"

Neno moja. "Zako." Nilikuwa nalo kwenye ulimi. Nikamtazama Gonda. Alikuwa anatabasamu, anasubiri jina lake, amekumbatia sufuria ya uji aliyonipikia kwa mikono yake. Nikamtazama Bi Inukai. Alikuwa ananisubiri mimi.

Nikasema: "Zilikuwa za wote."

Gonda akapiga makofi. Sahani ikampita Bi Inukai, hakuinyanyulia mkono. Ikanipita mimi. Mkanda ukasimama, na tumbo la jodari likabaki mbele ya Gonda. Alilila, akilia.

Bi Inukai alivaa koti. Kabla hajaondoka aliniinamia sikioni. Alisema Jumatano hii, saa tano, ameshika meza ya watu wawili, ile ya dirishani. Hakuna mkanda tena, hakuna wa juu wala wa chini. Nije, nikae mbele yake, na nije na jibu moja. Mara moja tu. Nisipokuja atajua, na hatauliza tena.

Nimekunywa uji. Ulikuwa mzuri.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimeamka mtu mpya! Nimewaona mafundi wakiubeba mkanda kwenda kwenye lori, vipande vipande, na sikuhuzunika. Jumatano saa tano. Meza ya dirishani. Watu wawili. Hakuna jambo lililo wazi zaidi ya hilo.

Ndipo nilipoanza kulifikiria, nikaona haliko wazi hata kidogo. "Nije na jibu moja." Jibu lipi? Na kama jibu langu si lile analolitaka yeye? Na nikikaa mbele yake nitatazama wapi? Kwenye kaunta mtu hutazama mkanda. Mezani kuna uso wake tu. Nikikosea mara moja, nimekwisha, amesema mwenyewe. Jambo zito hivi haliendewi kichwa kichwa. Linahitaji mtu wa kutangulia, kupima upepo, kuniombea njia kwa maneno mazuri, huku mimi nikiwa kaunta, nyuma ya nguzo, nasoma uso wake kwa mbali. Nikiona mambo ni shwari, najitokeza. Labda Jumatano ya wiki ijayo.

Mtu wa kuaminika ni mmoja tu. Nilikwenda kwa Gonda kabla ya chakula cha mchana. Nikamweleza yote, safari hii bila kuficha: ninampenda Bi Inukai, na ninamwomba akae naye mezani kwa niaba yangu. Nilihofia atakataa, au ataumia. Hakuumia kabisa! Alisema kumbe. Akaniuliza kama meza ni ya watu wawili kweli. Nikasema ndiyo. Akakubali palepale, hata sijamaliza sentensi.

Rafiki wa namna hii humpati mara mbili. Analichukulia jambo langu kwa uzito kuliko mimi mwenyewe. Alasiri amekwenda kunyoa nywele. Jioni alipitia kibandani na shati jipya la samawati, bado lina pini, akavua viatu nimbadilishie visigino. Nimevibadilisha bure, na nimevipiga rangi mpaka vinang'aa. Dada Kimie alikuwapo. Alimtazama Gonda, akanitazama mimi, akafungua mdomo, halafu akaenda zake bila kusema neno. Nadhani hatimaye ameanza kuheshimu mipango yangu.

Wakati wa kuaga, Gonda aliniuliza kama Bi Inukai anapenda maua. Nikasema sijui, lakini ni wazo zuri sana, apeleke. Nimempa na hela ya kununulia.